Gitaa Jekundu la Kijapani Lenye Shingo ya Mpingo

Nina miaka thelathini na mbili na nimestaafu. Chekeni, nawasubiri.

Mmemaliza? Haya. Mume wangu, Baba Tumaini, ni mwalimu, amepata uhamisho wa kwenda Sumbawanga. Mimi niliyeshika bisibisi katika karakana hii ya Chikongola tangu nilipomaliza kidato cha nne naambiwa nifunge vyombo nimfuate. Nimekasirika, sifichi. Ila hasira haijanizuia kuandika. Ninyi watatu mnaokuja kukaa kwenye meza yangu mmetoka shule juzi tu, kanuni za umeme mnazisema mpaka usingizini, lakini gitaa mnalishika kama mtu aliyepewa samaki hai. Kwa hiyo nawaachia daftari hili kwenye droo ya pili. Someni kabla hamjagusa kitu.

Redio mtafundishwa na Fundi Saidi. Mimi naandika habari ya magitaa ya umeme ya Kijapani, yale ya zamani yaliyoingia nchini wakati bidhaa kutoka nje bado zinafika. Sasa hayaji. Bendi zinauziana yale yale, vijiji vinarithishana, na kila anayetaka kununua anakuja hapa kwanza na maswali mawili: ni la kweli? Lina thamani gani? Wanauliza kwa sababu kuna maseremala wajanja huko mijini wanaochonga gitaa la mninga, wanalipulizia rangi nyekundu, wanabandika kibati chenye jina la Kijapani kilichong'olewa kwenye gitaa bovu, kisha wanaapa kwa jina la mama zao kwamba limeshuka melini.

Msitazame kibati. Kibati kina misumari miwili midogo, hata mtoto wa chekechea anaweza kukihamisha.

Linyanyueni. Mwili wa gitaa la Kijapani la aina tunayoletewa huku, mara nyingi, si mbao nzima. Ni plaiwudi, tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo utaziona ukifungua bamba la mbele na kuchungulia kwenye matundu ya swichi. Ni jepesi. La mninga utalijua kabla hujalifikisha mezani, mkono utakuambia. Mimi nilikuwa nalinganisha na Tumaini alipokuwa mchanga. Gitaa likimshinda mtoto wa miezi mitatu kwa uzito, naanza kumtazama mwenye nalo usoni.

Halafu rangi. Rangi iliyokaa juani miaka kumi hufifia, lakini ile iliyofunikwa na bamba hubaki mbichi kama ya jana. Fungua bamba. Ukikuta rangi ni sawa kote, ndani na nje, ujue gitaa hilo limezaliwa mwaka huu.

Halafu skrubu, na hapa ndipo wengi mtaharibu. Skrubu ya Kijapani ina kichwa cha msalaba kama nyingine, unaweza kudhani ni zile zile. Si zile zile. Msalaba wake hauendi chini sana. Bisibisi yetu ya kawaida ya nyota inakaa juu juu, inateleza, inakwangua kichwa cha skrubu mpaka kinakuwa duara. Fundi Saidi alisaga ncha ya moja kwa tupa siku nzima ili ikae sawasawa. Ni ile yenye mpini wa njano. Ukikuta gitaa lina skrubu zilizoliwa vichwa, limepita mikononi mwa mtu asiye na subira. Ukikuta ni nzima, ama halijawahi kufunguliwa, ama limefunguliwa na mtu anayeheshimu kazi.

Fundi Saidi mwenyewe sikio lake la kushoto halisikii. Siku yangu ya kwanza nilimkuta ameuma pembe ya gitaa kwa meno, amefumba macho, anapiga waya mmoja kwa kidole. Nikajua nimeletwa kwa kichaa.

"Unafanya nini, Fundi?"

Akatoa meno. "Nasikiliza. Meno hayadanganyi. Wewe uma hapo."

"Mimi? Nani anajua limeumwa na nani kabla yangu?"

"Limeumwa na mimi. Uma."

Niliuma. Na kweli, sauti inakuja kichwani moja kwa moja, unasikia kama ubao unaimba au umekufa. Sasa tuna mita ya kupimia nyaya za sumaku zinazonasa sauti, na mita ni nzuri, itumieni. Lakini siku betri ya mita ikiisha na duka halina, meno mnayo.

Msidhani nilikuwa hodari tangu mwanzo. Mwaka wangu wa pili nililipitisha gitaa moja la bendi ya mjini kwa sababu liling'aa. Sikulifungua. Jumamosi ile ile wakalipeleka dansini, na kwa joto la ukumbi na mvuto wa nyuzi, shingo ikaanza kupinda taratibu kama upinde wa kuwindia ndege. Mpiga solo akawa anazungusha masikio ya kukazia nyuzi kila baada ya ubeti. Mwishowe akaliweka chini, akachukua kayamba. Watu walidhani ni mtindo mpya, wakacheza mpaka jasho likawaishia. Jumatatu yule mpiga solo alikuja hapa, akasimama mlangoni na kusema, "Dada Teresia, asante kwa kunifundisha kayamba."

Kuanzia siku hiyo Fundi Saidi alinipa sheria moja: lifungue kwanza, useme baadaye. Niliishika sheria hiyo miaka mitano. Nikaivunja siku moja tu, na siku hiyo nusura nimvunjie mtu nyumba. Hiyo ndiyo habari niliyokaa kuiandika.

Kuna kijiji cha ujamaa upande wa Mpapura kilichozawadiwa vyombo vya bendi kwa uzalishaji mzuri wa korosho. Gitaa la solo jekundu na gitaa la besi jekundu, yote ya Kijapani, yamekuja katika sanduku moja, pamoja na amplifaya waliyoiunga na betri ya trekta. Ofisi iliyotoa zawadi ikatuomba tukague vyombo hivyo, kama vipo, kama ni vile vile, na vina hali gani. Fundi Saidi alikuwa na homa. Nikaenda mimi, Tumaini mgongoni, anaota meno, juu ya lori la magunia.

Mtoto alilia kutoka Naliendele mpaka tunashuka. Nimefika, naambiwa Mwenyekiti yuko shambani, nisubiri. Nikasubiri saa tatu nzima. Kisha mzee mmoja akaja, akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akatazama barabara nyuma yangu. "Karibu mama. Na fundi mwenyewe anakuja na gari lipi?"

Nikamwambia, "Fundi mwenyewe ndiye huyu anayenyonyesha."

Akacheka, akidhani namtania.

Basi walipoleta vyombo nilikuwa nachemka. La besi nikalitazama, sawa. La solo nikalinyanyua, nikahisi linaangukia upande wa shingo. Zito kichwani. Kibati hakipo. Shingo nyeusi. Magitaa yale hupakwa rangi nyeusi shingoni, lakini hii nilipoikwaruza kwa kucha haikutoa rangi. Ilikuwa nyeusi mpaka ndani. Mpingo! Nikasema moyoni, yamekwisha, lile la zawadi limeuzwa na hapa limewekwa la kuchonga. Mtoto analia, lori la kurudi linapiga honi, na yule mzee bado anatazama barabara akimsubiri fundi. Sikutoa bisibisi. Nikaandika nimesimama: "Gitaa la solo si la Kijapani. Limebadilishwa." Nikatia sahihi, nikapanda lori. Hasira ndiyo iliyoandika karatasi ile, mimi nilishika kalamu tu.

Wiki haijaisha, akaja kijana karakanani akisukuma baiskeli yenye pancha. Alikuwa mpiga solo wa kijiji kile, jina lake Athumani. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Dada, kuna mkutano Ijumaa baada ya swala. Wanasema nimeuza gitaa la kijiji."

"Umeuza?"

"Sijauza."

"Shingo ya Kijapani iko wapi?"

Akazungusha pedali ya baiskeli kwa mkono.

"Athumani, shingo imekwenda wapi?"

"Dada, siwezi kusema. Nakuomba kitu kimoja tu. Njoo ulifungue."

"Kwa nini usiseme?"

"Kwa sababu Mwenyekiti, Mzee Chilumba, ni mkwe wangu."

Sikuelewa mkwe anaingiaje kwenye shingo ya gitaa. Mimi ni mtoto wa Tukuyu, baba alikuja huku na kazi ya bandari. Lakini nililielewa lile alilosema baada ya hapo. Kwao kijana akioa huenda kukaa kwa watu wa mke. Nyumba yake, shamba lake na mtoto wake wa miezi sita viko pale kwa sababu ya mkewe, Somoe. Mkutano ukimfukuza, anaondoka na baiskeli. Somoe na mtoto wanabaki kwa baba yake.

Fundi Saidi alikuwa amekaa nyuma yangu anasikiliza kwa sikio lake zima.

"Teresia, ulilifungua?"

Nikajifanya natafuta risasi ya kuchomelea.

"Teresia. Ulilifungua?"

"Sikulifungua."

"Basi hukulipima. Ulilitazama."

Kisha akaichukua ile bisibisi ya mpini wa njano, akaiweka mezani mbele yangu, akarudi kwenye redio yake. Nawaambieni, angenitukana ningepona haraka zaidi.

Ijumaa nikapanda lori lile lile, Tumaini mgongoni. Mkutano ulikuwa darasani, wazee wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mzee Chilumba alikaa kwenye meza ya mwalimu. Ni mtu mwenye mwili, amejaa, mpole wa sura, ana masikio yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Siku ile hakumtazama Athumani hata mara moja. Alimwita "Ndugu Athumani" kama anasoma barua. Somoe alisimama mlangoni na mtoto, ameuma ncha ya khanga.

Nilimwona jinsi alivyonitazama. Msiniulize macho yale yalisema nini. Na mimi nina mtoto.

Nikaomba kusema. Yule mzee wa barabara akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Leo pia fundi hajaja."

"Amekuja," nikasema. "Na amekuja kuwaambia kwamba alikosea. Karatasi niliyoandika niliiandika bila kulifungua gitaa. Kazi yangu ni kufungua. Sikufanya kazi yangu. Leteni yote mawili, la solo na la besi."

Kukawa na minong'ono. Katibu akataka kujua kama karatasi yenye sahihi inaweza kukosea. Nikamwambia karatasi haina kosa, kosa ni la mwenye mkono. Mzee Chilumba akaashiria yaletwe.

Nikaanza na la besi. Nikatoa skrubu nne za nyuma, shingo ikachomoka. Kwenye shimo la mwili inapoketi shingo kuna muhuri mwekundu wa maandishi ya Kijapani, na chini yake namba kwa penseli. Nikalizungusha darasani, kila mzee akachungulia.

"Limeandikwa nini?" akauliza mmoja.

"Sijui. Nami sisomi Kijapani. Lakini macho ninayo, na ninyi mnayo. Shikeni picha yake akilini."

Nikachukua la solo. Kabla ya kufungua nikatazama skrubu. Vichwa vilikuwa vizima, havijaliwa hata kimoja. Aliyelifungua alikuwa amejitengenezea bisibisi inayokaa. Mwizi hafanyi hivyo. Nikafungua bamba kwanza: chini yake rangi mbichi, nyekundu kama pilipili, na ubavuni mwa tundu la swichi tabaka za plaiwudi, moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikawaonyesha. Kisha nikatoa skrubu za shingo. Ilikuwa imekaa kwa kubana vizuri mno, ikabidi niitikise. Ikatoka. Ndani ya shimo, muhuri mwekundu ule ule, na namba ya penseli inayofuatana na ile ya besi.

"Mwili ni wa Japani," nikasema. "Ni gitaa lenu. Halijauzwa."

Wakapumua darasa zima. Ila Athumani alikuwa ameinamisha kichwa zaidi ya mwanzo, na nilipoigeuza shingo ya mpingo mkononi nikajua kwa nini.

Kwenye kisigino cha shingo, mahali panapofichwa na mwili, palichongwa uso. Mdogo, sawa na kokwa ya embe. Mashavu mawili yamejaa, macho yamefumba kwa usingizi, na masikio, jamani, masikio yamesimama kama vishikio vya sufuria. Chini ya uso, badala ya shingo, aliyechonga aliweka makalio mawili makubwa. Chini ya makalio, kijiti kimevunjika.

Nilijaribu kuuficha kwa kiganja. Nimechelewa. Mzee wa barabara alikuwa ameshainuka na kuinamia meza yangu.

"Haa!" akasema. "Mbona huyu namjua?"

"Lete," akasema Mzee Chilumba.

Nikampa. Akaushika mbali na macho, kisha karibu. Polepole mkono wake wa kushoto ukapanda ukagusa sikio lake mwenyewe.

"Nani amechonga?"

Akainuka mzee mwembamba kutoka dawati la nyuma, mikono imejaa makovu ya patasi. Ni Mzee Nandonde, mjomba wake Athumani, mchongaji. "Mimi."

"Na huyu ni nani?"

"Ni aliyelivunja."

Athumani akaziba uso. "Mjomba!"

"Mimi sijasema neno," akasema Mzee Nandonde. "Tuliahidiana tusiseme, na sijasema. Nilichonga tu, tena ndani, nikafunga. Nani alijua huyu mama atakuja na bisibisi?"

Ikabidi yatoke. Walikuwa wanarudi kutoka kupiga muziki mjini siku ya sherehe, wote kwenye tela la trekta, mvua inanyesha. Gitaa wamelifunga kwenye gunia lisilowe. Mzee Chilumba akapanda mwisho, akatafuta mahali pakavu pa kukaa, akakaa juu ya gunia. Likalia, kwaa! Yeye akasema, "Kuni hizi zimekauka vizuri," akasinzia mpaka kijijini. Kwenye tela walikuwemo watu kumi na mmoja. Hakuna aliyefungua mdomo. Nani amwambie Mwenyekiti? Na Athumani, je, amwambie mkwe wake kwamba kakalia gitaa kwa makalio? Kwao neno hilo halitamkwi mbele ya mkwe hata kwa daktari. Akaenda kwa mjomba, na mjomba akachonga shingo ya mpingo kwa siku nne, akahamisha vile vyuma vidogo vya kugawia sauti kimoja kimoja, akaing'arisha mpaka ikafanana na ile iliyopakwa rangi.

"Na ile shingo ya zamani?" akauliza katibu, kalamu juu.

Mzee Nandonde akatoa patasi kiunoni. Mpini wake ulikuwa kipande cha shingo ya Kijapani, na kile kibati kimepigiliwa ubavuni. "Mti wake laini," akasema kwa dharau. "Haufai kwa shingo. Kwa mpini unafaa kidogo."

Mzee Chilumba alikuwa bado anautazama uso. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani ni hasira, nikamkaza Tumaini mgongoni. Kumbe mzee anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha sauti ikaja, na darasa zima likaachia. Watu walianguka kutoka kwenye madawati ya watoto. Wale kumi na mmoja wa kwenye tela ndio waliocheka kuliko wote.

"Ila masikio yangu si makubwa hivi," akasema akifuta machozi.

"Nilikuwa na mti mdogo," akajibu Mzee Nandonde. "Nimeyapunguza."

Nikafunga gitaa. Shingo ile ilikaa kwenye shimo lake bila nafasi hata ya unyasi. Nikauma pembe, nikapiga waya. Wazee wakaona fundi amechanganyikiwa, lakini meno yalisikia, na mpaka leo sijasikia gitaa linaloimba vile. Lile la plaiwudi na shingo yake laini halikuwahi kuwa na sauti ndefu hivyo. Hapo ndipo nilipojua kwamba maswali yale mawili si swali moja. La kwanza, ni la kweli? Nusu. La pili, lina thamani gani? Kubwa kuliko lilivyotoka kiwandani. Mkiulizwa, yajibuni kila moja peke yake.

Nikaichana karatasi yangu mbele yao, nikaandika nyingine nimekaa. Katibu akanakili kwenye daftari la mali ya kijiji, akakwama.

"Hapa pana safu ya nchi lilikotengenezwa. Niandike nini?"

"Japani," akasema mmoja.

"Japani ipi? Shingo ni ya Mzee Nandonde!"

"Andika Mpapura."

"Mpapura si nchi!"

Walibishana mpaka Tumaini akalala. Mwishowe katibu akaandika "Japani na hapa," akapiga muhuri, nikatia sahihi.

Somoe aliachia ncha ya khanga, akamtoa mtoto mgongoni, akaja akaketi dawati la mbele. Mzee Chilumba akalichukua gitaa mezani mwenyewe, kwa mikono miwili, akatembea nalo mpaka kwa Athumani. Akalitazama dawati, akapapasa kwa mkono mahali anapotaka kukaa, ndipo akakaa kando yake.

"Haya, mkwe," akasema. "Tupigie."